Daraja la Mostar: ni la kale au jipya, na liliwaunganisha akina nani?

Video yenyewe ni fupi na rangi zake zimefifia. Unaliona daraja la mawe lenye tao moja, juu limeezekwa mabati na mbao, ubavuni wamelining'inizia matairi mabovu ili yapunguze makali ya makombora. Kombora linapiga, vumbi linatimka. Mara tao zima linashuka mtoni. Ni asubuhi ya tarehe 9 Novemba 1993, mjini Mostar, Bosnia na Herzegovina, na daraja hilo lilikuwa limesimama miaka 427.

Ukitafuta habari zake leo utakutana na maelezo yaleyale kwa sura mbalimbali: kwamba ni daraja la karne ya 16, linawaunganisha Waislamu wa ng'ambo moja ya mto na Wakroati wa ng'ambo ya pili, na kwamba kulibomoa kulikuwa uhalifu wa kivita. Yanapendeza kwenye vipeperushi vya utalii. Lakini daraja lililopo leo lilifunguliwa mwaka 2004. Mto haukuwa mpaka wa vita. Na mahakama ya rufaa ilitamka jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia, na ambalo wengi hadi leo hawajalisikia. Tuyafungue mafundo haya moja moja, tukianza na mawe.

Kudura iliyoandikwa kwa tarakimu

Mostar ni mji uliopewa jina na daraja. Kwa Kibosnia daraja ni *most*, na waliolilinda waliitwa *mostari*. Mto Neretva unapita hapo kwenye bonde la mawe, maji yake ya kijani, baridi hata wakati wa kiangazi. Kabla ya daraja la mawe palikuwa na la mbao lililoning'inia kwa minyororo, na ukilikanyaga linayumba, watu wanavuka roho mkononi. Ndipo Sultani Suleiman wa Dola ya Uthmaniya akaamuru lijengwe la kudumu. Kazi akapewa fundi Hayruddin, mwanafunzi wa Sinan, yule bingwa wa misikiti ya Istanbul. Ujenzi ulianza 1557 ukakamilika 1566.

Tarehe ya kukamilika iliachwa kwa namna ambayo wanaojua hesabu ya abjadi, inayoipa kila herufi ya Kiarabu tarakimu yake, kama wazee wengi wa Pwani yetu, wataifurahia. Ni maneno mawili ya Kituruki cha zamani yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu: *kudret kemeri*. *Kudret* ni kudura yetu hiihii, na *kemer* ni tao, yaani tao la kudura. Sasa hesabu: qaf ni 100, dal 4, ra 200, ta 400. Hapo una 704. Kaf ni 20, mim 40, ra 200, ya 10. Hapo 270. Jumlisha upate 974, mwaka wa Hijria ulioanza Julai 1566. Maneno hayo mawili ndiyo tarehe ya daraja.

Na tukiwa hapohapo kwenye maneno: Mswahili akitembea mitaa ya zamani ya Mostar atayasikia mengi ya nyumbani. Wabosnia husema *sahat* tunaposema saa, *sabah* kwa asubuhi, *dunjaluk* kwa dunia, *rahmet* kwa rehema, *vakuf* kwa wakfu, *sevap* kwa thawabu. Chemchemi ni Kiarabu. Kwao kilipita Istanbul, kwetu kilikuja na majahazi.

Inasimuliwa kwamba Sultani alimwambia Hayruddin likianguka shingo yake halali, na siku ya kuondoa viunzi fundi huyo alikuwa amekwisha kujichimbia kaburi. Hadithi za namna hii husimuliwa juu ya majengo mengi duniani na mimi siiamini sana. Lakini aliyeitunga alijua anachokisema, maana siku ya kuondoa viunzi kweli ndiyo siku ya hukumu kwa tao.

Waambie watu wawili wasimame wakitazamana, miguu yao iwe mbali, waegemeane viganja kwa viganja. Kila mmoja, akiachwa peke yake, ataanguka kifudifudi. Wakiegemeana wanasimama, tena ukimpandisha mtoto mabegani mwao wanazidi kubanana. Tao ni hivyo. Kila jiwe limechongwa upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, linataka kuanguka chini lakini jirani zake wanalibana, na uzito wote unasafiri kutoka jiwe hadi jiwe mpaka unaishia kwenye kingo za mto. Mpaka jiwe la kileleni litiwe, tao halijijui: limelala juu ya kiunzi cha mbao kama mgonjwa kitandani. Ukiondoa mbao ndipo unajua kama linapumua.

Tao la Hayruddin lilivuka karibu mita 29 kwa hatua moja, bila nguzo mtoni, likiwa na upana wa mita 4 hivi na kimo cha zaidi ya mita 20 juu ya maji ya kiangazi. Mawe yaliunganishwa kwa vibanio vya chuma vilivyopigiliwa kwenye matundu, kisha yakamiminwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Hiyo risasi inajaza nafasi na inakinga chuma kisipate kutu kikavimba na kupasua jiwe. Jiwe lenyewe wanaliita *tenelija*, aina ya mawe ya chokaa ya palepale karibu na mji. Likichimbwa ni laini, linachongeka bila shida, kisha hewa inaligeuza gumu. Mafundi wetu waliojenga kwa matumbawe Lamu na Unguja waliijua tabia hiyo vizuri.

Juu ya daraja, sakafu inapanda na kushuka kama mgongo wa paka aliyeshtuka, na mawe yamelainishwa na nyayo mpaka yanateleza. Ndiyo maana kuna mistari ya mawe iliyoinuka ikikatiza njia, upate pa kukanyaga. Minara miwili inalinda ncha zake: Tara upande wa mashariki, Halebija upande wa magharibi. Gari haliwezi kupita hapo hata likitaka.

Mto haukuwa mpaka

Vita vya Bosnia vilifika Mostar majira ya kuchipua ya 1992. Walioushambulia mji kwanza walikuwa jeshi la Yugoslavia na vikosi vya Waserbia, na walioutetea walikuwa Wakroati na Wabosniaki, yaani Wabosnia Waislamu, wakiwa bega kwa bega. Madaraja mengine ya mji yalilipuliwa. Daraja letu la mawe, ambalo wenyeji huliita Daraja la Kale, lilijeruhiwa lakini likabaki.

Kisha washirika wakageukana. Tarehe 9 Mei 1993 HVO, jeshi la Wakroati wa Bosnia, lilishambulia maeneo ya Wabosniaki. Upande wa magharibi, familia za Kiislamu zilitolewa majumbani mwao. Wengine walisukumwa hadi mashariki, wengine wakaishia kwenye kambi za wafungwa. Upande wa mashariki ukazingirwa kwa miezi.

Hapa ndipo maelezo ya vipeperushi yanapokosea. Watu wakisikia mashariki na magharibi, na katikati kuna mto, wanahitimisha kwamba mto ndio uliowagawa. Mstari wa mbele ulipita kwenye barabara kubwa iitwayo Bulevar, magharibi ya mto. Kati ya Bulevar na Neretva kulikuwa na kipande chembamba cha mji, pamoja na mtaa wa Donja Mahala, ambacho bado kilikuwa mikononi mwa Wabosniaki. Kwa hiyo ncha zote mbili za Daraja la Kale zilikuwa za upande mmoja wa vita. Ukivuka ulikuwa unatoka kwa Wabosniaki waliozingirwa unaingia kwa Wabosniaki waliozingirwa.

Daraja lilikuwa mshipa. Chakula na maji, majeruhi, kina mama na ndoo zao, wote walipita hapo. Na wanajeshi pia, na risasi zao, wakielekea mstari wa mbele. Likumbuke hili la mwisho, tutalihitaji mahakamani.

Tarehe 8 Novemba kifaru cha HVO kilianza kulipiga. Kilipiga siku nzima. Kesho yake asubuhi likaanguka.

Je, basi ni uongo kusema daraja liliunganisha jamii? Kabla ya vita lilikuwa la wote. Mostar ulikuwa mji wa ndoa za mchanganyiko, wa Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi waliokaa nyumba kwa nyumba, na kijana wa kabila lolote alipeleka mchumba wake darajani jioni. Lakini kati ya Mei na Novemba 1993 halikumvusha mtu kwenda kwa adui. Ile picha ya daraja kati ya mahasimu wawili ilizaliwa baadaye, wakati wa kuchangisha fedha na kuandika hotuba.

Mahakamani: kosa lipi hasa?

Watu wengi huamini jengo la kihistoria haliguswi vitani, basi. Sheria ina masharti zaidi. Mkataba wa The Hague wa 1954 unalinda mali za utamaduni wakati wa vita, lakini umeacha mlango: kinga inaweza kuondoka pakiwa na ulazima wa kijeshi usioepukika. Na daraja, ukilinganisha na msikiti au makumbusho, ni kitu ambacho jeshi lina hamu nacho kwa asili yake.

Viongozi sita wa Wakroati wa Bosnia walishtakiwa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Yugoslavia ya zamani, iliyokaa The Hague. Msomaji wa Arusha asione ni habari ya mbali: ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokaa Arusha ilikuwa ndugu yake wa tumbo moja, na zote mbili zilitumia chumba kimoja cha rufaa.

Maswali yaliyohusu daraja yalikuwa mawili. La kwanza: lilikuwa shabaha halali ya kijeshi? La pili: hata kama lilikuwa halali, je, madhara kwa raia yalipita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi?

Hukumu ya kwanza ilitoka tarehe 29 Mei 2013. Majaji walikubali kwamba daraja lilikuwa shabaha ya kijeshi kwa sababu askari na silaha vilipita hapo. Lakini walio wengi wakasema madhara yalipita kiasi: watu wa Donja Mahala waliachwa peke yao kabisa, na pigo kwa roho ya Waislamu wa Mostar lilikuwa kubwa mno. Wakatia hatiani.

Rufaa ilisomwa tarehe 29 Novemba 2017, na walio wengi wakapindua sehemu hiyo. Hoja yao ilikuwa kavu: kosa lililotajwa ni uharibifu *usio na sababu ya kijeshi*. Mkishakubali kwamba lilikuwa shabaha ya kijeshi na kulibomoa kulileta faida ya kijeshi, kiungo kimoja cha kosa hakipo. Jaji Fausto Pocar alipinga. Hatia zilizohusu daraja zikafutwa.

Watu wawili wakiisoma hukumu hiyo wanaweza kuondoka na mambo mawili yasiyo kweli. Mmoja atasema mahakama imewasafisha. Haikuwasafisha: wote sita walibaki na hatia za mauaji, kufukuza raia na mateso ya kambini, na vifungo vya kati ya miaka 10 na 25. Siku hiyohiyo mmoja wao, Slobodan Praljak, alisimama kizimbani akanywa sumu mbele ya kamera na kufa hospitalini. Mwingine atasema mahakama imeruhusu kubomoa turathi. Wala haikusema hivyo. Mwaka mmoja kabla, mahakama nyingine iliyoko The Hague, ICC, ilimfunga Ahmad al-Faqi al-Mahdi miaka 9 kwa kubomoa makaburi ya mawalii huko Timbuktu, Mali. Juu ya kaburi la walii hapiti mtu na sanduku la risasi. Tofauti iko hapo.

Mimi si mwanasheria, na hoja ya rufaa naielewa. Kinachonikaa moyoni ni kwamba jambo lilelile, kuwa njia ya mwisho iliyobaki, ndilo lililolifanya daraja liwe shabaha na ndilo lililofanya kuondoka kwake kuwaumize raia kiasi kile. Sheria ilipima sehemu moja ya mizani ikasimama.

Kujenga upya kitu kilekile

Pengo lilizibwa kwa daraja la muda la nyaya. Mwaka 1997 wapigambizi wa jeshi la Hungary waliyaopoa mawe kutoka mtoni, na matumaini yalikuwa kuyarudisha mahali pake. Yalipochunguzwa, mengi yalikuwa yamepasuka. Mawe ya zamani yakapangwa kandoni, na mapya yakachongwa kutoka aina ileile ya jiwe la eneo hilo.

UNESCO, Benki ya Dunia na mji wa Mostar walisimamia kazi. Fedha zilitoka nchi kadhaa, zikiwemo Italia, Uholanzi na Uturuki, na Kroatia nayo ilichangia. Kampuni ya Kituruki ilijenga kwa vipimo vilivyochukuliwa kabla ya vita na kwa mbinu za Hayruddin: kiunzi cha muda chini, vibanio vya chuma, risasi ya kumimina. Mitaa ya jirani ilikarabatiwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, hiyohiyo ambayo Wazanzibari wanaijua kwa jengo la zahanati ya zamani pale mbele ya bandari na kwa bustani ya Forodhani. Tarehe 23 Julai 2004 daraja likafunguliwa.

Mwaka uliofuata UNESCO ikaliandika kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na hapo wataalamu walikuwa na la kujieleza. Urithi wa Dunia unadai uhalisi, na wewe unaleta kitu chenye umri wa mwaka mmoja! Njia waliyoipata ni hii: eneo hilo liliandikwa kwa kigezo kimoja tu, kile cha sita, kinachohusu maana na kumbukumbu zilizoshikamana na mahali. Hakuna aliyedai kwamba mawe ni ya Hayruddin. Mji wa kale wa Warsaw, uliojengwa upya baada ya kusagwa na Wajerumani, ulikuwa umekwisha kufungua mlango huo mwaka 1980.

Mwaka uleule wa 1993, mwezi Agosti, daraja la mbao la Luzern huko Uswisi, la karne ya 14 na la waenda kwa miguu pia, liliteketea kwa moto kwa sehemu kubwa. Aprili iliyofuata lilikuwa limefunguliwa. Kule swali lilikuwa la mbao na michoro iliyoungua. Mostar swali lilikuwa nani alipiga na kwa nini, na mtu asiyekubaliana nawe juu ya hilo hawezi kukubaliana nawe juu ya jina la kitu unachokijenga.

Nikiulizwa mimi, nasema daraja ni jipya na mchoro ni wa kale, na mtu akiliita Daraja la Kale simkosoi, kama ambavyo hatumkosoi anayesema msikiti wa mtaani kwao una miaka mia mbili ilhali paa limebadilishwa mara tatu na kuta mara moja. Ninachokikataa ni kulichukua tao hilo kama cheti cha mapatano. Lilipofunguliwa 2004 wengi waliandika kwamba mji umeungana. Kumbe kuanzia 2008 wakazi wa Mostar hawakupiga kura ya madiwani kwa miaka 12, kwa sababu vyama vya Wakroati na vya Wabosniaki havikukubaliana kanuni za uchaguzi. Ilibidi mkazi mmoja, mwalimu Irma Baralija, aishtaki nchi yake mjini Strasbourg kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Akashinda Oktoba 2019, na kura zikapigwa tarehe 20 Desemba 2020. Mji una vyuo vikuu viwili, na kwenye shule yake mashuhuri pale karibu na Bulevar, wanafunzi wanaingia jengo moja kusoma mitaala miwili.

Mwaka 2005, vijana waliochoka kubishana juu ya mashujaa wa nani wawekwe bustanini walisimamisha sanamu ya shaba ya Bruce Lee. Walisema ndiye pekee ambaye wote walimpenda utotoni. Haukupita muda sanamu ikaharibiwa.

Juu ya daraja, wakati huohuo, kuna biashara inayokwenda vizuri. Vijana wa klabu ya warukaji husimama ukingoni na chupi zao za kuogelea, mmoja akizungusha kofia kwa watalii. Haruki mpaka kofia iwe na uzito wa kuridhisha, na mara nyingi anajifanya anaruka kisha anarudi nyuma, umma unaguna. Anajimwagia maji baridi kwanza ili mwili usishtuke na Neretva. Kila mwezi Julai kuna mashindano, ya kutangulia miguu na ya kutangulia kichwa, na mtindo unaosifiwa kuliko yote wanauita *lasta*, mbayuwayu: mikono imekunjuliwa kama mbawa, kifua mbele, kisha mwili unajifunga sekunde ya mwisho. Mgeni akitaka naye aruke anaruhusiwa, ila kwanza analipa klabu na kufundishwa kutoka jukwaa la chini. Kimo cha kuruka ni kilekile cha mwaka 1566.